Joto la Voi Si Kosa

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari mjini Voi, na hakuna aliyeniajiri kurekebisha kerneli. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoamrisha feni, diski na betri. Wanaoitengeneza wako mbali, na kila wiki hutoa toleo la majaribio ili makosa yapatikane kabla ya toleo lenyewe kutoka. Zamani nilikuwa nangoja lile lililoiva. Kisha hilo lililoiva likaanza kukwamisha diski zetu katikati ya somo, nikaapa kwamba sitangoja tena kupakuliwa.

Toleo jipya la majaribio lilitibu ugonjwa huo wa diski, likaleta wake. Nililiweka kwenye laptopu yangu kuukuu, ya aina ile ile ya zile za maabara, na mchana ikajizima ghafla. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia, bila kupunguza sauti:

"Madam, hizi mashine ni za msaada na zimezeeka. Zikisumbua tena mbele ya watoto, hii rumu naifanya stoo ya mahindi."

Magunia yalikuwa yameshapangwa barazani, na kidato cha nne walikuwa na mradi wa mtihani ndani ya kompyuta zile.

Niliwaandikia watengenezaji. Msimamizi wa sehemu ya feni alijibu kwamba kwake haizimi. Labda mashine yangu imezeeka mno, nisafishe feni. Feni nilikuwa nimeisafisha kwa mswaki kabla sijaandika hata neno. Nilikasirika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yule bwana hajawahi kulalia changu.

Iko njia ya kumkamata mkosaji. Unaikata katikati orodha ya mabadiliko yaliyoletwa na toleo jipya, unajenga kerneli yenye nusu ya kwanza tu, unaijaribu. Ikizima, kosa limo humo. Isipozima, liko nusu ya pili. Unakata hivyo hadi libaki badiliko moja. Laptopu yangu ilichukua nusu siku kujenga kerneli moja. Siku za shule nilijaribia Voi, na wikendi nilipanda Wundanyi kwa mama, nikafanya kazi kwa utulivu. Wiki tatu baadaye nikabaki na badiliko la mtu aliyegusa sehemu ya kibodi. Nikamfokea kwa barua pepe, mbele ya watengenezaji wote, arekebishe uharibifu wake. Akajibu kwa upole kwamba kibodi haiwezi kuzima mashine. Nikaliondoa badiliko lake, nikajaribu Voi. Ikazima vilevile.

Niliona haya, haya ya kweli. Jumamosi iliyofuata mama alinipokea mlangoni akiwa na sweta mkononi kama kawaida.

"Vaa hii kwanza. Kila ukija unajifanya bado uko Voi."

Nilisimama pale mkono mmoja ndani ya sweta, mwingine nje. Laptopu haikuwahi kuzima nyumbani kwa mama, hata mara moja. Nusu ya majaribio yangu nilikuwa nimeyafanya kwenye baridi ya mlimani, nikayaandika "salama".

"Kwani umeona nyoka?" mama akauliza.

Nilimwomba radhi yule wa kibodi, mbele ya wale wale walionisikia nikimfokea. Kisha nikaanza upya. Safari hii kila kerneli niliijaribu saa saba mchana, chini ya mabati ya maabara, madirisha yamefungwa. Wanafunzi walichungulia na kuuliza, "Madam, unaoka mkate?" Niliwaambia wakachekee nje.

Mkosaji akapatikana. Lilikuwa badiliko la kuchelewesha feni ili kuokoa chaji, na mwenyewe ni yule yule aliyenituma nikasafishe feni. Hata hapo hakukubali. Aliandika kwamba chumba chenye joto hilo si matumizi ya kawaida.

Nikamjibu kwamba kwetu hayo ndiyo ya kawaida, na kwamba watoto wangu hawatahamia nchi yake ili kompyuta zisizime. Nikamwekea vipimo vya Voi na vya Wundanyi, mashine moja, kerneli moja, kimoja chini ya kingine. Joto letu si kosa, niliandika, kosa ni lako. Siku ya tatu alirudisha feni ianze mapema, na toleo la majaribio lililofuata likatoka na marekebisho hayo. Hakusema pole, nami sikuingoja.

Nililiweka kwenye mashine zote za maabara, nikamwita mwalimu mkuu saa saba. Aliketi nyuma na koti lake. Kidato cha nne wakafungua miradi yao, feni zote zikaanza kuvuma.

"Madam, fungua basi dirisha," alisema baada ya muda, jasho likimtiririka.

"Bado, mwalimu mkuu. Kipindi hakijaisha."

Alibaki. Watoto waliandika hadi kengele, na hakuna mashine hata moja iliyozima. Alijipangusa uso, akatoka bila kunitazama, nikamsikia barazani akiwaambia wafanyakazi watafutie mahindi mahali pengine.

Hapo ndipo nilipofungua madirisha.