Do ya Mama Nota

Saa tisa alasiri ya Jumamosi, ukumbi wa shule ya msingi bado unanuka vumbi la chaki. Madawati yamesukumwa ukutani. Mwanamke mfupi mwenye gauni la bluu anafungua mkoba, anatoa kipande cha bomba la chuma kilichofungwa kamba ya kiatu, anakining'iniza kidoleni na kukigonga kwa kijiko.

Ting!

Wanaume wa nyuma wanaidaka nota ile na kuiimba midomo ikiwa imefungwa. Wanawake wanapanda juu yake, sauti ya pili, kisha ya kwanza, na mara ukumbi mzima umejaa. Kioo cha dirisha kilicholegea kinatetemeka.

"Sauti ya tatu, mnaimba au mnapiga miayo?" anauliza mwanamke huyo. Ni mnong'ono wa kukwaruza, lakini wamesikia wote, na wanacheka.

Huyu ndiye Mama Nota, mwalimu wa kwaya asiyeweza kuimba.

Siku za kazi yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja shuka zinazotoka moto kwenye mashine. Kwaya haimlipi kitu. "Watu huniuliza napata nini huku. Nawaambia napata presha na raha, kwa mafungu sawa," anasema, na kucheka bila sauti, mabega tu yakiruka.

Zamani sauti alikuwa nayo. Wanakwaya wa siku nyingi wanasema, wala hawatii chumvi, kwamba akianza yeye hata mlinzi wa shule aliacha geti na kuja dirishani. Kwaya haina kinanda mpaka leo. Kila wimbo ulianzia kinywani mwa Mama Nota: alitoa do yake, nota ya kuanzia, na kila mtu akapata pa kushika.

Kisha uvimbe ukaota kooni. Madaktari wakautoa, na sauti ya kuimba ikaenda nao.

"Nilipozinduka nilijaribu do. Ikatoka hewa tupu," anasema. "Nililia, mwenzangu. Mtu asije akakudanganya kwamba nilijikaza. Nililia mpaka muuguzi akanitishia sindano."

Kwaya nayo ikayumba. Wimbo ukianzishwa chini, sauti ya nne inazama. Ukianzishwa juu, balaa. "Siku moja tulipofika kwenye kiitikio, sauti ya kwanza walilia kama kuku aliyekanyagwa," anakumbuka katibu wa kwaya, muuza vipuri vya baiskeli anayeimba sauti ya nne. Tamasha la kwaya za wilaya lilikuwa linakaribia, na ni yeye aliyebebeshwa ujumbe. "Nilimwambia, dada yangu, tunakupenda, lakini asiyetoa nota atatuongozaje? Tukiharibu kwenye tamasha, tutatafuta mwalimu mwingine. Sikulala vizuri, lakini nilisema."

Mama Nota hakubishana. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba safari yake na kwaya imefika mwisho.

Mume ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wanakwaya humwita Cheche, na kwa maelezo ya mkewe, akimwimbia mtoto alale, mtoto huamka. Lakini kesho yake mchana, mke alipompelekea chakula karakanani, kipande cha bomba kilimponyoka fundi kikaanguka sakafuni.

"Akaacha sahani mezani, akaniambia, kigonge tena hicho! Kiko karibu na do yangu, kimepungua kidogo," anasimulia Cheche.

Sauti ilikuwa imeondoka kooni, lakini do ilikuwa bado kichwani. Cheche akakata bomba, akagonga. Mke akatikisa kichwa. Akapiga tupa, akagonga. Bado. "Alinitesa huyu! Nimetengeneza mageti ya matajiri wenye midomo, hakuna aliyenisumbua kama mke wangu na kibomba. Alipoanza kulia ndipo nikajua tumefika."

Kuanzia hapo kila wimbo ukaanza na ting. Kwaya ikasimama wima.

Siku ya tamasha, Cheche akaona si vizuri mkewe apande jukwaani na chuma chenye kutu. Akakipiga msasa, akakifuta mafuta, kikang'aa. Kisha akakisahau juu ya kabati.

Mama Nota aligundua akiwa tayari mbele ya watu. Aliingiza mkono mkobani akatoa kitana, akatoa leso, akatoa kijiko. Bomba hakuna.

"Jasho lilinitoka mpaka viatuni. Nikasema basi, leo ndiyo mwisho wangu."

Aligeukia kwaya yake. Akainua kijiko na kugonga hewa.

Halafu kule nyuma, midomo imefungwa, ikaja: mmmm.

"Nilipoona kijiko kinashuka, niliisikia ile ting kichwani," anasema katibu. "Nikaitoa. Kumbe wenzangu nao wameisikia!"

Walishika nafasi ya pili, kikombe cha ushindi wakakikosa, matokeo ambayo Cheche hayatambui hadi leo. Yeye alifika akihema, bomba mkononi, watu wakiwa wanashuka jukwaani, na wakamcheka mpaka akaketi chini. Katibu alimfuata mwalimu akamwambia neno moja tu: "Nisamehe." Tangu siku hiyo habari ya mwalimu mwingine haijasikika.

Leo bomba hutolewa mkobani kwa ajili ya wanakwaya wapya tu, na Jumamosi hii wamekuja watatu. Wakongwe wanatosheka na kijiko.

"Siku ile ya tamasha nililia, wakadhani nalia kwa sababu ya kikombe," anasema Mama Nota, akikunja leso yake pembe kwa pembe kama shuka. "Kikombe kitu gani? Ile do ni yangu. Ni ile ile niliyowapa kwa kinywa changu miaka yote. Nilikuwa nimeizika, nayo kumbe wameitunza wao."

Sasa anamfundisha mshonaji mmoja wa sauti ya pili kuongoza kwa mikono, na hamwonei huruma hata kidogo. Ana haraka naye. Tamasha lijalo anataka yule binti asimame mbele, na yeye atafute kiti cha nyuma kabisa, pembeni ya Cheche.

"Nikae tu, mikono mapajani," anasema, "nijisikilize."