Pangeni Kwanza

Mwalimu wetu wa hesabu hapa Maparoni huchomeka chaki sikioni, chini ya mtandio, na viatu huvibeba mkononi visiguse tope. Wastani tuliushika upesi, lakini namba ya kati ilitutoa jasho, maana tuliichomoa bila kuzipanga namba kwa ukubwa. “Pangeni kwanza!” hufoka, akitusimamisha mfupi hadi mrefu, kisha humvuta wa katikati. Siku ya mtihani wa taifa hakuruhusiwa kusogea shuleni, akabaki barazani kwa jirani akitafuna ncha ya mtandio. Tulipotoka akaita, “Swali la namba ya kati limetoka?” Tulijipanga kwa urefu, na Mwantumu, aliyesahau kupanga katika kila jaribio, akajitoa mwenyewe katikati, kidevu juu. Mwalimu alikuja mbio akipiga vigelegele, viatu kaviacha topeni.