Manyoya Niliyobandika kwa Ulimbo

Juzi mjukuu wangu alibandika manyoya ya kuku kwenye mshale wa maonyesho ya shule kwa gundi ya dukani. Yakadondoka. "Bibi, gundi feki hii!" Nilicheka, maana mimi nilifanya ujinga kumzidi.

Nilipokuwa mtoto, ngedere walikuwa wanamaliza mahindi yetu kijijini Lupepo. Tata, baba yangu, alichonga mshale, akaniambia nimshikie manyoya mpaka arudi. Mimi nikayabandika kwa ulimbo wa kunasia ndege. Niliwaza, kama unamshika ndege mzima, utashindwaje na manyoya yake? Ulinata mpaka kwenye nywele zangu, ukanuka utomvu.

Tata alipouvuta upinde, manyoya yalibaki vidoleni mwake, mshale ukaenda zake migombani. Ngedere waliendelea kula.

Nilingoja fimbo. Tata alinipa ukano mkavu, ule mshipa mgumu wa mguu wa ng'ombe. "Tafuna."

Nilidhani ndiyo adhabu. Nikatafuna huku nalia, mdomo umejaa chumvi na ladha ya ngozi.

"Ulimbo haukauki, mwanangu," alisema. "Ukano ukilainika unafunga, ukikauka unabana."

Akaniacha nifunge manyoya mwenyewe, mimi mtoto wa kike. Jioni ile ngedere mmoja alianguka, wengine wakatimua mbio. "Mshale huu kafunga binti yangu!" Tata aliwatangazia majirani.

Mjukuu nimempa uzi, nimemwonyesha kufunga. Shule sikusoma sana, lakini hilo nalijua. Ndaga fijo, Tata. Asante kwa fimbo ambayo hukuishika.