Babu Anataka Manzi

Utotoni mwangu, katika nyumba za kaunsili za mtaa wa Jericho, niliwahi kumtafutia mpenzi marehemu babu yangu.

Kosa lilikuwa la lugha. Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini Kitui. Mama ni wa Machakos, na kwao maji ni kiw'u. Kitui ni manzi. Mimi nilikuwa na Kikamba kidogo cha mama na Sheng nyingi ya mtaani, na mtaani manzi ni msichana.

Asubuhi moja nilisimulia kwamba nimeota babu amesimama mlangoni, kimya. Susu akaweka kikombe chini.

"Anataka manzi," alisema. "Mpe hapo mlangoni kabla jua halijatua. Akikosa ataingia kuitafuta mwenyewe, na ataondoka na wewe."

Mchana sikula. Nilikuwa na miaka tisa, na manzi niliyemjua vizuri ni mmoja: Rehema wa nyumba ya pili, aliyenishinda mbio na hesabu.

"Niaje, Rehema. Babu yangu anataka manzi."

"Si babu yako alikufa?"

"Ndio maana hana."

Akafikiri. "Nitafanya nini?"

"Simama tu mlangoni. Akuone."

"Ana meno?"

Sikujua. Nilimwahidi andazi langu la kesho, akakubali.

Jua lilipokaribia mapaa, Susu alitukuta kizingitini, Rehema amejipaka mafuta usoni, mimi nimejibanza nyuma yake.

"Huyu ni nani?"

"Manzi ya babu."

Susu aliketi chini akacheka mpaka leso ikamfunguka. Alipopata pumzi, alitueleza. Rehema aliona amedharauliwa. Alikimbia kwao, akarudi na kikombe cha maji, akayamwaga mlangoni.

"Haya babu, manzi ndiyo hii. Mimi naenda. Na andazi nalitaka."

"Huyu usimpoteze," Susu aliniambia.

Sikumpoteza. Nilimwoa, tukaishi pamoja miaka ishirini na sita, hadi ugonjwa ulipomchukua mwaka jana. Andazi lile alinidai mpaka mwisho.

Nimesoma chuo kikuu. Najua wafu hawaoni kiu. Juma lililopita nilimwota Rehema amesimama mlangoni, kimya. Kulipokucha nilimwaga kikombe cha maji kizingitini, nikasema neno moja tu: "Manzi."

Nililisema kwa lugha zote mbili.