Nani Alikuwa Anasukuma Darubini

Jioni ya kutafuta mwezi wa Idi, bazee ba musikiti wa Kimemi balituita na darubini yetu, mimi na Kasereka, mwenzangu wa kujifunza nyota. Ninaweka mwezi katikati ya kioo, muzee mumoja anaangalia, mwenye kumufuata anakuta hauko. Mara ya pili, vilevile. Nikajiambia ni Kasereka anasukuma darubini, juu ya wivu. Nikafunga miguu ya darubini na kamba ya mupira, kama muzigo wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Mwezi ukapotea tena. Donc nikamushitaki mbele ya bazee bote.

"Sawa," Kasereka akasema, "naenda kusimama kule ku mulango. Weye angalia, mais hapana kugusa."

Nikaangalia. Polepole, mwezi wenyewe ukatembea, ukatoka ku kioo.

Kasereka akauliza kutoka mulangoni: "Sasa ni nani anasukuma, mimi ao dunia yenye kuzunguka?"