Tulivyoihama Nara Tukiwa Bredäng

Nilikuwa nikiirudia ahadi yangu kimoyomoyo tangu tulipopanda treni kule Farsta, hapa Uswidi, kwenda mkutanoni Bredäng. Binti yangu alikuwa amenikataza mambo mawili: nisimsahihishe, wala nisimsaidie hata neno moja. Alikuwa anakwenda kuwasimulia watu wazima, kwa Kiswahili, jinsi mji mkuu wa Japani ya kale ulivyohamahama. Nchi hiyo aliipenda tangu utotoni, na lugha yake anajifunza shuleni.

Mimi mama yake hunijibu kwa Kiswidi. Alikuwa mtoto bado pale aliposema sentensi moja mbele ya mkutano wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili, ukumbi ukacheka, naye akaufunga mdomo. Tulipokuwa tukibadilisha treni aliniambia, kwa Kiswidi hichohicho, kwamba wakimcheka tena hatakisema Kiswahili maishani mwake.

Ukumbini Bredäng alianza kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi. Nara, alisema, ilipangwa kwa mistari iliyonyooka: kasri kaskazini, barabara pana ikishuka kusini, nyumba huku na huku. Kisha akaiweka karatasi chini, akatuomba tuupange mji huo kwa viti. Meza yenye chupa za chai na sambusa ikawa kasri. Tulipokwisha kutulia, Wakongo mashariki, sisi wengine magharibi, akatangaza kwamba mfalme amechoshwa na nguvu za mahekalu.

"Tunahama," alisema. "Kila mtu abebe kiti chake."

Tukabeba. Huku tukijikokota kuelekea madirishani, alitueleza jinsi nguzo za makasri zilivyong'olewa na kusafirishwa kwa mto hadi mji mpya wa Nagaoka. Hatujakaa sawasawa, mafuriko yakaja. Tena mzimu wa mdogo wake mfalme, aliyekufa akipelekwa uhamishoni, ukadhaniwa kuleta maradhi ndani ya kasri. Basi tuhame tena, mpaka ile pembe ya mbali, mahali ilipo Kyoto ya leo. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, aliyeshika upande wa pili wa meza ya chai pamoja nami, aliuliza kama huyo mfalme hakuwa na mke wa kumkanya. Mtu akamjibu kutoka nyuma kwamba Watanzania hawashangai. Dodoma imewafundisha kufunga mizigo taratibu.

Nilikuwa nimesisimka kama msichana. Nilisoma historia chuo kikuu, nikafaulu vizuri, lakini sikuwahi kuihisi amri ya mfalme katika misuli ya mikono yangu.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mtu mmoja hajahama hata mara moja. Mzee wetu, mhandisi mstaafu aliyekuja Uswidi kusoma akabaki, alikuwa bado ameketi palepale Nara, peke yake katikati ya sakafu tupu. Ni yeye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote mwaka ule wa ile sentensi moja ya binti yangu.

"Mjukuu wangu," alisema, "magoti haya hayahami. Kamwambie mfalme wako hivyo."

Nilikuwa na majibu matatu ulimini, nikayameza yote. Binti yangu hakunitazama. Alimtazama mzee.

"Basi wewe babu ni hekalu," alisema. "Mfalme aliyakataza mahekalu kumfuata. Yalibaki Nara, na mengine yapo mpaka leo."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nilishtuka, nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya barabara yake, kidevu juu, akingoja kicheko kipungue ili aendelee, kama mtu anayengoja mvua aliyoiomba mwenyewe. Mzee alikuwa akijifuta machozi. Kisha akakunja mikono kifuani, akatulia kama sanamu, akalalamika kwamba hekalu nalo lina njaa, na wahamiaji wa Kyoto wameondoka na sambusa zote.

Mimi nilikuwa bado kimya, kama nilivyoahidi, nimeikumbatia chupa ya chai. Binti yangu akanigeukia.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "peleka chai Nara."