Siku Kumi za Shombo

Juzi nimepita pale Kismayo wanapotengeneza mashua, nikamkuta fundi anapaka mbao sifa, yale mafuta ya papa tuliyokuwa tukipakia vyombo visiliwe na wadudu. Siku hizi wengi hupaka rangi ya kopo, kwa hiyo harufu ile sikuwa nimeisikia kwa miaka. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya, machozi yananitoka, mpaka fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua tu. Wewe rafiki yangu sikufichi: nilikuwa namlilia mbwa.

Usinicheke. Kwetu kisiwani Kudhaa mbwa hakuwa kitu cha kuliliwa. Akikugusa kwa mate yake unaosha mara saba, moja kwa udongo, na bibi yangu, aliyenilea baada ya mama kuolewa mjini, alikuwa mkali wa mambo hayo kumshinda hata mwalimu wa chuo cha Kurani. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, sina ndugu wa kucheza naye, na Shombo nilimwokota mwenyewe chini ya mashua iliyopinduliwa, mdogo wa kuenea kwenye kata ya maji, ananuka samaki mwili mzima. Jina lake lilitokea hapo. Bibi alikubali alale nyuma ya jiko, basi. Mlangoni asipite.

Matata yalianza alipozaa mara ya pili. Watoto wake walipanda vichanja vya jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akikausha papa wa kupeleka mjini, wakala walichokula na kukojolea kilichobaki. Jirani akaenda kulalamika kwa wazee, na hakuwa amekosea, hilo nalijua leo. Desturi ilikuwa moja: mbwa wakizidi, hutiwa chomboni wakashushwa ng'ambo, upande wa Darakasi usio na watu wala kisima. Hakuna aliyesema wameuawa. Ilisemwa wamehamishwa. Watoto wa Shombo walihamishwa wote asubuhi moja, na mama yao akabweka ufukweni mpaka sauti ikamkauka.

Ikabaki zamu yake. Siku hizo hizo akaja daktari wa mifugo kuchanja mbuzi. Nilimwandama zizi la kwanza hadi la mwisho, nikimwomba kwa Kisomali changu kibovu, mpaka akachoka na mimi. Akazungumza na wazee: mbwa akitolewa kizazi hazai tena, basi mwacheni. Wazee wakakubali, ila kwa sharti kwamba apone. Kidonda kikioza, safari ya Darakasi iko pale pale. Daktari akampasua juu ya mlango wa zamani, bandani kwa fundi wetu wa mashua, akamshona, na kabla ya kupanda chombo akaniachia maagizo. Siku kumi asirambe mshono. Asikimbie, asiruke, asiloe.

Siku kumi, na mimi mtoto. Fundi alikata dumu la manjano akamvisha shingoni ili asifikie tumbo. Bibi alichemsha vichwa vya samaki, akaninyooshea bakuli kwa mbali, nami nikamchovyea Shombo mkate wa mofa kidogo kidogo. Kumzuia asikimbie ndiyo ilikuwa kazi. Nilimfundisha hivi: nikiinua kiganja, aketi, wala asinyanyuke mpaka nikishushe. Ilimchukua siku mbili tu kujua. Hata mbuzi wapite mbele yake, hata jirani aanike papa, kiganja kikiwa juu Shombo haondoki. Nilijiona mtu mkubwa, nakwambia.

Siku ya nne nzi wakaja. Wakajaa kwenye mshono, na dumu lilikuwa limeshamchubua shingo, analia kwa sauti nyembamba. Nikaogopa kuoza. Sasa sikiliza akili ya mtoto aliyekulia bandani kwa fundi: mashua ikipakwa sifa, mdudu hali ubao. Kwa hiyo Shombo akipakwa sifa, nzi hamgusi. Nikachota kwenye kopo la fundi, nikampaka tumbo zima, na kwa kuwa nilijua nimeshamaliza tatizo nikamvua lile dumu apumzike. Kisha nikaenda zangu chuoni kusoma.

Mbwa wa kisiwa cha wavuvi, nimempaka mafuta ya papa! Angeacha vipi kuramba? Niliporudi adhuhuri ulimi wake ulikuwa bado unafanya kazi, nyuzi zimekatika, ngozi imefunguka kama mfuko. Nilipiga yowe. Jirani akaja, akatazama, akasema yameisha, asubuhi chombo kinatoka na mbwa aende nacho. Daktari yuko Kismayo. Fundi naye alishika kichwa, anasema yeye anajua kuziba mbao, nyama haijui. Nilikaa chini nikajipiga mapaja. Ni mimi niliyemfanyia. Hakuna mwingine wa kulaumu, na mpaka leo hayupo.

Bibi alikuwa barazani anashona kofia. Aliitazama sindano yake, akamtazama Shombo, akainuka bila haraka na kuchemsha sindano na uzi katika maji ya chumvi. Mimi sikuamini mpaka alipokunja mikono ya nguo. Jirani akamuuliza kama amesahau sala zake. Bibi hakumgeukia.

"Mchu ana sindano mkononi," alisema, kwa Kibajuni chake kile cha kumwita mtu mchu, "na kiumbe cha Mungu kinafumuka mbele yake. Akae aangalie?" Kisha akaniambia mimi: "Mshike kichwa. Ukilia, lia kimya."

Bahati ilikuwa kwamba nyama ya ndani ilikuwa imeshikana, kilichofumuka ni ngozi. Fundi alimfunga mdomo kwa kitambaa akamshika miguu. Bibi alishona kama anavyoshona kofia, vishono vidogo vidogo, midomo inasoma dua, na Shombo akinitazama machoni muda wote. Alipomaliza alikwenda baharini peke yake. Nilimwona ameinama majini akiosha mikono na nguo, anahesabu mpaka saba, mara moja akijisugua kwa udongo aliouchukua nyuma ya nyumba. Akarudi akasali adhuhuri yake. Jirani hakutusemesha mpaka Idi.

Shombo alikataa chakula siku tatu. Nililala njaa naye, nikamwahidi Mungu mambo ambayo sijayatimiza hata nusu. Siku ya nne akalamba mchuzi. Zilipotimia siku kumi mzee wa msikiti akaja, akainama, akautazama mshono, akasema huyu abaki. Neno moja tu lile, na mimi nilikimbia kisiwa kizima.

Basi akabaki. Miaka mitatu baadaye watu wenye bunduki walikuja, na asubuhi moja kisiwa kizima kikawa kinagombea vyombo viwili. Bibi alibebwa mgongoni. Watu walipanda juu ya watu, na nahodha alisema binadamu tu, hata mbuzi wakaachwa. Shombo aliingia majini nyuma yetu mpaka kifuani. Mbele kulikuwa na mkondo, na nilijua hatarudi nyuma, atakuja mpaka azame.

Nikainua kiganja.

Alirudi mchangani akaketi. Masikio juu, ananitazama. Bibi, aliyekuwa ameegemea magotini mwangu, aliniambia niushushe mkono, nitachoka, nami sikuweza kumweleza. Bibi amekufa hapa Kismayo, mbali na baraza yake, na sindano ile ninayo kwenye kopo la vifungo. Wachache wamesharudi Kudhaa. Nimewauliza. Banda la fundi halipo, vichanja havipo, nyumba yetu imebaki kuta, na mbwa hawakumwona, wala mtoto wake, kwa kuwa hakuwa na wa kumwacha. Tulihakikisha wenyewe.

Watu huniuliza kwa nini sijaenda hata kuangalia. Huwaambia nauli, huwaambia watoto. Lakini pale kwenye harufu ya sifa juzi nilijikuta nimeufungua mkono wangu nautazama. Nilimfundisha aketi mpaka nikishushe kiganja, na siku ile kisiwa kilipotea machoni kiganja kikiwa bado juu.